Viazi Vilivyogeuka Kijani Wakati wa Kampeni

Wiki ile ilikuwa zamu ya Yunisi. Katika kijiji chao, si mbali na barabara ya kutoka Njombe kwenda Makambako, familia sita huvuna viazi kwa zamu. Alhamisi hii kwako, Alhamisi ijayo kwangu. Viazi vya kiangazi hulimwa kwenye vinyungu, yaani bustani za bondeni ambako udongo hauishiwi maji. Kila mtu huja na jembe lake, na mwenye shamba hupika chai. Utaratibu huo Yunisi aliukuta alipoolewa, na haukuwahi kuvunjika hata mara moja.

Mwaka huu ulivunjwa na vipaza sauti viwili.

Asubuhi hiyo watu kumi na wawili walishuka bondeni. Lenard, mume wa Yunisi, alikuwa Makambako kwenye kazi ya mbao. Edson, mdogo wake Lenard, alikuja na pawatila, lile trekta dogo linalovuta tela. Lilikuwa moja tu kijijini. Bila pawatila ya Edson, magunia hayapandi mlima.

Kufika saa nne, viazi vyote vilikuwa juu ya matuta. Vilikuwa vikubwa na visafi. Kilichobaki ni kuokota, kujaza magunia na kupandisha barabarani. Yunisi alikuwa akitegemea viazi hivyo mwaka mzima.

Ndipo gari la matangazo likapita juu barabarani.

"Njooni mumsikilize Bwana Manase, mgombea udiwani! Madalali wote nje! Nje!"

Kabla halijapotea, likaja la chama kingine.

"Bwana Odilo anakuja! Lumbesa mwisho! Kwa siku moja tu!"

Lumbesa kila mkulima anaijua. Ni gunia linaloshindiliwa na kushonewa kofia juu, mpaka ndoo mbili tatu za viazi zinakwenda bure.

Edson akachomeka jembe ardhini. "Mimi naenda kwa Manase."

"Kwa yule mpiga kelele?" Yunisi alishangaa. "Shemeji, viazi viko juani!"

"Na wewe Jumapili ulipomkimbilia Odilo uliacha nini? Uliacha maharage jikoni yakaungua. Kijiji kizima kilinusa."

Watu wakacheka. Yunisi hakucheka.

"Odilo anajua shida zetu," alisema. "Huyo wako anakusanya wajinga tu."

Neno lilikwisha kutoka. Edson alimtazama, akawasha pawatila, akaondoka. Watano wakamfuata. Waliobaki wakaanza kunong'ona kwamba Odilo naye anaanza saa tano, na mmoja mmoja wakaondoka.

Na Yunisi je? Ukweli usemwe. Naye alikwenda! Alijiambia atasikiliza kidogo tu, arudi. Huko Odilo alipanda juu ya gunia la lumbesa, akatoa kisu, akalipasua. Viazi vikamwagika jukwaani. Watu walipiga vigelegele, na Yunisi alipiga kuliko wote. Alirudi jioni sauti imekauka. Bondeni hapakuwa na mtu.

Ijumaa alimtuma binti yake Anneth kwa Edson kuomba pawatila. Jibu lilikuja fupi: "Mwambie mama, wajinga hawana pawatila."

Yunisi alikasirika. Aliokota peke yake mpaka mgongo ukakataa. Kila asubuhi alisema, leo watakuja. Wao wakasema, akituomba radhi tutakwenda. Jamani, watu wazima kumi na wawili! Jumapili waliimba kanisani benchi moja, wakatoka bila kusalimiana. Viazi viliendelea kulala juani, na hakuna aliyekumbuka hata kuvifunika kwa nyasi.

Jumanne Rejoice alishuka bondeni. Rejoice ndiye bibi shamba wa kata, yaani afisa kilimo, na kila mtu anaijua pikipiki yake.

"Kamwene, Mama Anneth," alisalimia.

"Kamwene," Yunisi aliitika kwa shida.

Rejoice aliokota kiazi, akakigeuza. Ganda lilikuwa kijani. Akaokota kingine, nacho kijani.

"Vimekaa juani siku ngapi?"

"Tano."

"Mama Anneth, hivi usile. Wala usiuze. Kiazi kikigeuka kijani kinatengeneza sumu. Huumiza tumbo, na kuchemsha hakuiondoi."

Yunisi alikaa juu ya tuta akalia. Alilia kwa hasira kuliko huzuni. Edson, aliyekuja kuchungulia aliposikia pikipiki, alikuwa amesimama ng'ambo ya mfereji wa shamba, mikono kifuani. Aliposikia neno sumu, mikono ilishuka.

"Ni huyo!" Yunisi alimnyooshea kidole. "Yeye na Manase wake!"

"Na wewe na mpasua magunia wako!"

"Nyamazeni!" Rejoice alisema. "Mimi mtumishi wa umma. Vyama siviingilii. Lakini viazi ni kazi yangu, na hivi vimeniudhi sana. Edson, vuka mfereji. Niambie, Mama Anneth anampendea nini Odilo?"

"Kwa sababu hana akili."

"Hilo ni tusi. Nataka sababu."

Edson alikwaruza udongo kwa kidole cha mguu.

"Labda lumbesa," alisema mwishowe. "Mwaka jana wanunuzi walimshindilia magunia yake. Alikwenda ofisi ya kijiji mara tatu kulalamika. Kila mara aliambiwa njoo kesho."

"Mara nne," Yunisi alisema. Alishangaa kwamba Edson alikumbuka. "Odilo ndiye wa kwanza kulisema jambo hilo mbele za watu."

"Haya. Mama Anneth, na Edson anampendea nini Manase?"

Yunisi alifuta macho. Kisha alikumbuka siku ile Edson aliporudi kutoka Makambako, akalala bila kula.

"Dalali alimpa bei kwenye simu," alisema. "Akapakia. Alipofika Makambako, dalali akashusha bei nusu. Alipobisha, walimcheka mbele ya vibarua. Wakamwambia basi rudisha viazi vyako Njombe kwa miguu."

Edson aliitikia kwa kichwa.

"Mnaona?" Rejoice alisema. "Hakuna mjinga hapa. Mmeumizwa kweli, na mgombea amewataja. Mtu akikutaja baada ya kupuuzwa miaka yote, unamfuata. Hata mimi ningemfuata. Ila mkishasikia shida yenu inatajwa, mnaacha kuuliza. Diwani anaweza kumfukuza mfanyabiashara sokoni?"

Rejoice hakungoja wajibu.

"Hawezi. Na madalali wote wakiondoka leo, kesho viazi atanunua nani? Haya, lumbesa. Sheria ya kupima kwa mizani ipo tayari. Mtu anayeahidi kumaliza lumbesa kwa siku moja, muulize mizani iko wapi. Muulize atafanyaje. Muulize kama ni kazi ya diwani au ya mwingine. Kisha muulize, kabla ya lini?"

"Nikimuuliza Manase wangu hivyo, wenzangu wataniona msaliti," Edson alisema.

"Basi badilishaneni," alisema Rejoice. "Mama Anneth aulize kwa Manase, nawe uulize kwa Odilo. Kila mmoja abebe shida ya mwenzake."

Kwa uso wa Yunisi, ungedhani ameambiwa ale kile kiazi cha kijani. Lakini Ijumaa alikwenda. Watu wa Manase walimtazama kwa jicho la pembeni. Alinyoosha mkono.

"Shemeji yangu alipunjwa na dalali, akachekwa," alisema. "Ukiwafukuza wote, nani atanunua viazi vyetu? Utafanyaje?"

"Tutapambana!" Manase alijibu. Muziki ukawashwa.

Jumamosi Edson alikwenda kwa Odilo. Jioni alifika kwa Yunisi akitweta.

"Muziki, shemeji! Nimeuliza mizani italetwa lini, nimepewa muziki!"

"Mimi pia!" Yunisi alisema. Alicheka mpaka akashika mlango. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka pamoja tangu Alhamisi ile.

Siku tatu baadaye mmoja wa wagombea hao alishuka bondeni bila gari la matangazo. Viatu vyake vilijaa tope. "Nilijibu ovyo," alisema. "Nimekwenda kuuliza. Diwani hawezi kumaliza lumbesa peke yake. Anaweza kulisukuma suala la mizani kwenye halmashauri." Ni yupi kati ya wawili, sisemi. Nikisema, nanyi mtaanza kugombana.

Zile familia sita hazikungoja kura. Zilipeleka suala kwenye mkutano wa kijiji. Wakakubaliana kuuza mahali pamoja, kwa mizani, na hakuna wa kuchepuka kuuza usiku. Wakachangishana, kijiji kikapata mizani. Mnunuzi wa kwanza alifoka, akapanda lori, akawasha injini. Hakuna aliyemfuata. Baada ya muda alishuka, akapima.

Ilipofika zamu ya Edson, gari la matangazo lilipita tena. Vichwa viliinuka, kisha vikainama. Hakuna aliyeondoka mpaka gunia la mwisho lilipopanda telani.

Na vile viazi vya kijani? Rejoice alimwonyesha Yunisi namna ya kuchagua visivyo na ugonjwa. "Haviliwi, lakini ni mbegu nzuri," alisema. Mvua zilipoanza, uchaguzi ulikuwa umepita. Yunisi hakumuuliza Edson kura yake, wala Edson hakumuuliza. Asubuhi moja Yunisi alisikia pawatila uani kwake. Hakuwa ameiomba. Edson alikuwa anapakia mbegu zile.

"Shemeji," Yunisi alisema, "lile neno nililokuita siku ile. Nisamehe."

Edson aliinua gunia, akalipanga vizuri telani.

"Neno gani? Mimi nakumbuka maharage tu."