Jibu la Urho na Banda la Nyanya

Kila asubuhi, hata kahawa haijachemka, Urho alifungua kompyuta kutazama nyota zake. Nyota hizo hutolewa na baraza la mtandaoni la waandika programu. Mmoja huuliza, mwenzake hujibu, na jibu zuri hupata nyota.

Siku hizi Urho hakuumiza kichwa. Swali likija, aliitupia akili mnemba, ile mashine inayotunga majibu yenyewe. Mashine ikatema jibu, naye akalibandika barazani kwa jina la Dubu. Hakujaribu hata jibu moja.

Asubuhi hiyo mkewe, Riikka, aliingia mbio, buti zimejaa theluji.

"Urho! Hita za bandani zimezimika! Nyanya zitaganda!"

"Umefanya nini?"

"Nilitaka programu iwashe hita yenyewe baridi ikizidi. Nikafuata jibu la barazani. Kumbe amri iliyoandikwa humo haipo duniani! Huyu Dubu ni mjinga gani?"

Urho alifunga kompyuta. "Dubu... ni mimi."

"Wewe bwana!"

Wakamkimbilia jirani yao, Bi Sirkka, msimamizi wa baraza lile. Alikuja na koti juu ya nguo za kulalia. Akaiondoa ile amri, akarudisha programu ya jana. Hita zikaanza kunguruma. Urho akakiri kwake kwamba jibu lile lilitungwa na mashine.

"Kitendawili," alisema Bi Sirkka akipumua.

"Tega."

"Ana jibu la kila swali, lakini kazi hajaigusa."

"Mume wangu!" alidakia Riikka.

Bi Sirkka alicheka mpaka akakohoa. "Huyo ni wa pili. Wa kwanza ni mashine."

"Lakini jibu lilionekana sahihi, Bi Sirkka," Urho alijitetea.

"Hapo ndipo penye hatari. Mashine hupanga maneno yafanane na jibu. Mara hupatia, mara hubuni. Majibu hayo yakijaa, mazuri hufunikwa. Wajuzi huchoka kusahihisha, wakaondoka. Kesho ukikwama utamwuliza nani?"

"Nifanyeje basi?"

"Futa usiyoyajaribu. Jibu unachokijua. Kijaribu kwanza, halafu waeleze ulivyojaribu."

Urho alifuta, uso umemwiva kwa aibu. Kisha yeye na Riikka wakashinda bandani wakijaribu, wakikosea, wakicheka. Jioni hita ziliwaka zenyewe. Ndipo akaandika jibu, na jinsi walivyolipata.

Baada ya siku chache, mkulima wa maua wa kaskazini aliwaandikia: "Nimefuata mlivyoeleza. Maua yangu yamepona."

Urho alimsomea mkewe kwa sauti. Riikka akakata nyanya nene, akaiweka juu ya mkate mweusi, akampa.

"Kula, bwana. Hii ilikuwa iwe barafu."