Shahidi wa Kiti Kitupu

Kigoda kililia kama mti uliokaliwa na mtu mzito. Shaaban alikuwa amesimama mbele yake, ukumbini kwake mjini Shinyanga, na aliona wazi kwamba hakuna aliyekikalia.

Alijicheka. Woga wa usaili huo, akajiambia. Bomani walitaka mtu wa kusimama upande wa Serikali barazani, asome mashitaka na kuwahoji mashahidi, naye Shaaban alikuwa amechoka kupima kaniki katika duka la watu. Usaili ulikuwa kesho asubuhi. Basi alikuwa amekiweka kigoda katikati ya ukumbi, akakiita shahidi, akakiapisha kama alivyoona barazani: "Apa kwamba utasema kweli tupu." Hakujua, maskini, kwamba kiapo ni mwaliko, na mwaliko hauchagui mgeni.

Harufu ya udongo mbichi ikajaa ukumbini, na mvua ilikuwa haijanyesha tangu watu walipovuna.

"Baba Chiku, umefukua nini humu?" aliuliza mkewe, Zuwena, akitoka jikoni. Alimlaza mtoto wao mkekani, akakaa kwenye kigoda apumzishe miguu.

Hakuinuka tena. Chiku alilia njaa, mama yake hakugeuka. Jua likaanza kushuka, na Zuwena, mtoto wa Pangani ambaye Kisukuma chake kiliishia kwenye salamu za sokoni, akafumbua kinywa akaanza kusema Kisukuma kizito cha wazee wa zamani, kwa sauti ya kiume iliyopanda kutoka chini ya sakafu, huku midomo yake ikichelewa kidogo nyuma ya maneno. Shaaban alielewa kila neno, maana mama yake alikuwa Msukuma. Sauti ilikuwa ikisema: "Nimeapa. Mbona huniulizi?"

Alikimbia kumwita Bi Mwahija, mganga wa mtaa ule. Bibi alifukiza ubani. Moshi ulifika karibu na kigoda, ukarudi nyuma. Akamvuta Shaaban pembeni.

"Mwanangu, huyu hakuingia kwa nguvu," alinong'ona. "Umemwita wewe. Barazani kwenu, shahidi akishaapa huondokaje?"

"Mpaka ahojiwe, Bibi. Kisha aliyemwita amruhusu."

"Basi mhoji. Na usimdanganye."

Shaaban alipiga magoti mbele ya mke wake.

"Wewe nani?"

"Nilikuwa nimelala chini ya mwamba, Geita. Wakaja wachimba dhahabu na baruti zao, wakanipasulia paa. Watoto wangu wako chini ya kifusi."

"Mke wangu amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Wewe pia sina neno nawe. Mimi nataka nisikilizwe bomani. Ila sisi kwenye baraza la watu hatuingii tusipoitwa."

Shaaban alisema, "Nimekusikia. Nakuruhusu, nenda."

Zuwena alianguka kifuani pake, akauliza kwa nini mtoto analia. Shaaban alilia pia, wala hakuona aibu.

"Usikiapishe kiti kitupu tena maishani mwako," alisema Bi Mwahija. "Safari ya pili, mkeo hatarudi."

Asubuhi Shaaban alikwenda bomani. Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alimpa mashitaka ayasome, akatabasamu, kisha akavuta kiti kando ya chake.

"Vizuri sana. Sasa, tuseme shahidi yupo hapa. Mwapishe."

Kazi ilikuwa mkononi. Shaaban alikitazama kiti, akasikia masikioni kilio cha Chiku cha jana.

"Siwezi, Bwana. Niletee mtu, nitamwapisha."

"Kiti kinakutisha?"

"Kinanitisha, Bwana."

Bwana Shauri alicheka mpaka akashika ubavu, akaagiza aitwe mwingine. Mlangoni Shaaban alipishana na Maduhu, kijana wa misheni, akamshika mkono.

"Ndugu yangu, akikwambia ukiapishe kiti, kataa."

"Umekosa kazi, na mimi nikose?" Maduhu alijichomoa, akaingia.

Shaaban alishuka ngazi polepole. Ilimuuma, asikudanganye mtu. Kaniki za duka zilikuwa zikimsubiri, na mtaani wangemcheka mwaka mzima. Lakini kabla hajafika mbali alisikia dirishani sauti ya Maduhu, changamfu, ikisema, "Apa kwamba utasema kweli tupu," kisha kiti kikalia, kisha harufu ya udongo mbichi ikatoka nje ya dirisha na kumfuata mpaka alipokuwa, naye akasimama.

"Jina lako nani?" aliuliza Maduhu.

Bwana Shauri akacheka, "Ngoja nikikalie mimi, nikujibu." Halafu jibu likaja, kwa Kisukuma kizito cha wazee wa zamani, kutoka kinywani mwa Bwana Shauri.