Kizibo cha Bibi

"Hata mkutanoni hukuwepo! Leo unajua nini kuhusu bomba?" Dobi alimkoromea Mama Pacha, vyumba vyote kumi na kimoja vikisikia.

"Sikuwepo, wanangu waliumwa. Ila nimemuuliza muuza mikate. Yeye huchota maji alfajiri kama mimi. Akisema ndoo ya bluu, basi ni bluu. Nikuulize wewe unayelala mpaka jua likuchome?"

Watu wakaangua kicheko. Uani zilikaa ndoo mbili: nyekundu ya Mshonaji, bluu ya Fundi Baiskeli. Kila chumba kilitakiwa kutumbukiza kizibo kimoja cha soda, na mshindi angekabidhiwa ufunguo wa bomba.

Redio, binti wa miaka kumi na mmoja aliyeitwa hivyo kwa kupenda habari, alikuwa akisugua sufuria kama kila siku. Mkono ukasimama. Bluu? Mbona yeye alimwambia Bibi nyekundu!

Juzi Bibi alimtuma mkutanoni akasikilize nani atafungua bomba mapema, maana Bibi huuza chai stendi. Redio akaishia kuruka kamba. Aliporudi akatunga: "Mshonaji, Bibi. Atafungua alfajiri." Alimpenda tu Mshonaji kwa vipande vya vitambaa anavyompa.

"Mama Pacha, Mshonaji atafungua saa ngapi?"

"Saa mbili. Kwani hukwenda, Redio?"

Saa mbili! Madereva watakuwa wameshakunywa chai ya wengine. Na Bibi huyo, kizibo mkononi, anajikongoja kuelekea ndoo nyekundu. Uani pamejaa watu. Redio akaitupa sufuria.

"Bibi, ngoja! Nilikudanganya, sikwenda mkutanoni. Wa alfajiri ni Fundi Baiskeli!"

Dobi, mtu wa ndoo nyekundu, akasema, "Leo redio imeishiwa betri!"

Bibi hakucheka. Alikitumbukiza kizibo kwenye ndoo ya bluu. Vikahesabiwa: bluu sita, nyekundu vitano.

"Mjukuu wangu," Bibi alisema wakifika mlangoni, "kutojua si kosa. Mama Pacha hakujua, akamuuliza mwenye shida kama yake, akapata anachokitaka. Ungesema hukwenda, nami ningeuliza. Uongo wako ndio ulionifumba macho. Kesho alfajiri foleni ya bomba ni yako."

"Ndiyo, Bibi."

Bibi akageukia uani. "Dobi! Umeshindwa, na njaa juu? Acha kununa, ingia ule."