Seva Iliyotumwa na Kila Mtu

Uvumi ulimkuta Mama Yun-ju sokoni, kwenye meza ya tofu, ile jibini ya soya: ati kuna nyumba hapo mjini Xinpu ambayo mashine yake inawatumikia wezi. Hakuna aliyetaja jina. Akarudi nao nyumbani, akala nao, akalala nao, usimtoke.

Wazazi wenzangu, nyumba hiyo ilikuwa na amani. Upepo mkavu wa Oktoba ulikuwa umeanza, na uani trei za mianzi zilijaa persimoni, yale matunda ya rangi ya chungwa, zilizomenywa na kuanikwa zikauke. Binti yake, Yun-ju, alikuwa amechaguliwa kufundisha kompyuta shule ya msingi. Kilichobaki ni cheti cha tabia njema kutoka polisi.

Seva ilikaa sebuleni, juu ya kabati la viatu. Yun-ju aliiweka ili watu waagize matunda mtandaoni. Juu yake aliegesha pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, kama wafanyavyo mafundi wote wa kwetu, ili mashine iwe na adabu. Pakiti hiyo hailiwi, wala haiachwi ipitwe na tarehe.

"Wewe Yun-ju, mbona hiyo mashine inanguruma mchana kutwa?"

"Mama nawe! Biashara imechangamka."

"Biashara gani? Jana tumepata oda tatu."

Yun-ju akaigeuza pakiti. "Aa, kumbe! Imepitwa na tarehe."

Akaweka mpya. Kumbukumbu za seva, mle mashine inamoandika kila inachoombwa, hakuzifungua.

Alhamisi akaja askari, Chan, kijana mpole.

"Mama, kuna mtu ameingia kwenye barua pepe za watu sitini. Nyayo zote zinaishia nyumba hii."

"Sisi tunauza matunda, baba."

"Najua, mama, hata mimi nimeyala. Lakini mashine naichukua."

Kituoni, fundi wa polisi, Bi Teng, aliwaita mbele ya kioo cha kompyuta.

"Mpangilio huu nani kauweka?"

"Mimi," Yun-ju akasema. "Niliunakili mtandaoni. Nilitaka seva ipokee oda, izipitishe kwenye programu yetu ya ndani."

"Hilo halihitaji mstari huu. Huu unaifanya seva iwe wakala wa yeyote. Mgeni anataja tovuti anayoitaka, seva yako inakwenda kubisha hodi kwa niaba yake, na kule inaonekana sura yako tu."

"Kwa hiyo niizime seva?"

"Seva iache. Zima uwakala."

Yun-ju akafuta neno la kuwasha, akaandika la kuzima. Ilichukua muda mfupi kuliko kumenya tunda moja. Mama Yun-ju alingoja hasira ije. Haikuja. Hata machozi hayakuja.

Mwendesha mashtaka alichukua miezi mitano kuandika kwamba Yun-ju hana kosa. Cheti kikatoka Machi. Shule ilikuwa imefunguliwa Februari, na nafasi alishapewa mwingine.

"Mama Yun-ju, si wamesema hana kosa?" jirani akauliza.

"Wamesema."

"Basi ishukuru miungu."

"Nimeishukuru." Akaendelea kusugua trei.

Siku hizi Yun-ju anafungasha chupa kiwandani. Akirudi anakula, anaosha bakuli lake, analala. Mama yake hamuulizi kitu.

MAFUNZO

Jamani, mwana wenu anaweza kuponzwa na mstari mmoja ambao hakuuelewa. Yaepukeni haya:

Msinakili mpangilio wa seva bila kujua kila mstari unaamuru nini.

Msiwashe uwakala wa kwenda nje eti kwa sababu mnataka kupitisha oda ndani. Ni kazi mbili tofauti.

Kama kweli mnauhitaji, msiuache wazi kwa dunia nzima. Tajeni nani anaruhusiwa.

Msiache kusoma kumbukumbu. Mkiona humo tovuti za watu msiowajua, kuna mtu anawatuma.

Pakiti wekeni, siwakatazi, ila isiwe badala ya kukagua.

Na msiamini kuwa mmezima mpaka mmejaribu mkiwa nje ya nyumba: iombeni seva yenu iwapeleke kwenye tovuti ya mtu mwingine. Ikiwakatalia, hapo laleni.