Machozi ya Muamba

Kila asubuhi Mama Kanku aligonga kifuniko cha sufuria, na watu waliolala kando ya reli katika mji wa migodi wa Kolwezi wakatoka kwenye vibanda vyao vya maturubai wakakaa duara. Kila mmoja alitaja jambo moja jema aliloliona jana. Wengine wakapiga makofi na kuitikia, "Aksanti Yesu!" Kisha wakaimba.

Ulikuwa mwaka 1993. Kampuni ya migodi ilikuwa imeporomoka, mishahara imekatika, na hasira za watu zikawaangukia majirani wenye asili ya Kasai. Familia ya Tshibola ilifukuzwa kwenye nyumba yake ya mtaa wa Dilala. Sasa ilingoja treni ya kwenda Kasai, mkoa wa asili yao, ambao Tshibola hakuwahi kuuona hata kwenye picha.

Tshibola alikuwa na miaka kumi na miwili na maswali yasiyokwisha. Siku moja alimfuata Mama Kanku, shemasi wa kanisa lao, aliyekuwa akichambua maharagwe.

"Mama Kanku, nyumba balikunyanganya, na bado unaimba. Ile furaha unaipata wapi?"

Mama Kanku akacheka. "Mutoto ya kuuliza! Mawazo ya mubaya inaniamushaka kila asubuhi. Basi mi namushukuru Mungu kabla ya kuisikiliza. Moyo inazoea, sawa vile mukono inazoea jembe."

Tshibola akaamua kujaribu. Siku ya kwanza alishukuru kwa muhogo waliogawiwa na jirani. Siku ya pili alishukuru kwa wingu lililowakinga na jua. Alishangaa sana, maana moyo ulikuwa mwepesi kweli! Akajiwekea sheria yake mwenyewe: mtu wa imani hatamki jambo baya hata moja.

Hapo ndipo alipoteleza.

Makaa yaliwaishia, na mdogo wake Muamba, mtoto wa miaka minne, akanywa maji ya bomba yasiyochemshwa. Usiku tumbo likamsumbua, na Tshibola peke yake ndiye aliyeamka naye. Alfajiri mama yao alikuwa akifunga vitenge vyake vya kwenda kuuza sokoni.

"Muamba iko muzuri?" aliuliza.

"Iko muzuri, mama," Tshibola alijibu, na mama akaenda zake.

Kwenye duara alisema, "Jana Muamba alicheka sana." Watu wakapiga makofi. Muamba hakuwa amecheka, na Tshibola alirudi kibandani haraka.

Kufikia adhuhuri Muamba alikuwa ameharisha mara nyingi mno. Macho yalikuwa yameingia ndani, midomo imekauka, na alipolia hakutoka chozi hata moja. Tshibola aliogopa. Badala ya kuita watu, akaimba, tena kwa sauti kubwa, akidhani imani itasikika zaidi.

Mama Kanku alikuwa akipita. Akainua turubai na kuchungulia.

"Tangu wakati gani mutoto iko hivi?"

"Tangu usiku," Tshibola alinong'ona.

Mama Kanku akaingia. Alimbeba Muamba mgongoni, akavuka reli mbio hadi kwenye hema la wauguzi, Tshibola akimfuata nyuma huku akilia.

Muuguzi Kisimba alichanganya sukari na chumvi kidogo katika maji yaliyochemshwa na kupozwa, akamnywesha Muamba kijiko baada ya kijiko. Mama yao alipofika kutoka sokoni, Tshibola alimwambia yote, hata lile la kicheko. Mama hakumgombeza. Alikaa chini, akachukua kile kijiko, akaendelea kumnywesha.

Jioni Muamba akakisukuma kijiko, akapiga kelele, na machozi yakamtiririka mashavuni.

"Analia na machozi!" Kisimba alisema kwa furaha. "Muzuri sana! Maji inarudia mu mwili. Atapona."

Tshibola alimkodolea macho. Hakuwahi kuona mtu mzima akifurahia machozi ya mtoto.

"Mama Kanku," aliuliza taratibu, "mi niliwaza kusema mabaya ni kukosa imani. Kumbe nilikosea wapi?"

Mama Kanku akamketisha karibu naye. "Shukrani yako ya muhogo ilikuwa ya kweli, ndiyo maana ilikupa furaha. Ya leo ilikuwa bongo, maneno ya uongo. Furaha haikae mu bongo, mwana. Ukiwa na woga, umwambie Mungu: niko na woga. Kiisha uite mama, uite muuguzi, uchemshe maji. Na ile mema unaona, umushukuru nayo. Yote mbili ni kusali."

"Na Mungu hakasirike tukimulilia?"

"Yeye njo alitupatia machozi."

Tshibola akasogea karibu zaidi. Tangu siku walipofukuzwa Dilala hakuwa amelia hata mara moja kwa ajili ya nyumba yao. Sasa alilaza kichwa kwenye mapaja ya Mama Kanku, akalia hadi akatosheka.