Kaburi Halilali Wazi

Jua lilikuwa linashuka nyuma ya mlima wa Manga, Ijumaa moja mwaka 1969, nami nilitaka kitu kimoja tu: kumzika baba bila sala. Ndivyo alivyoniusia. Mimi, mwalimu wa shule, sikuwa na Mungu, na yeye alikuwa amemwacha wake zamani.

Mzee Abner wa kanisa la Sabato alikuja na waimbaji wake bila kualikwa. Akasimama ukingoni mwa kaburi, Biblia kwapani.

"Ataombewa, au hatazikwa," alisema.

"Hili ni boma la baba yangu, si kanisa lako."

Nilimchukia mtu yule. Ndiye aliyekuwa akinichongea kwa kamati ya shule nifukuzwe, eti sitaki kuongoza sala ya asubuhi. Tulibishana mpaka jua likazama, na nadhani hilo ndilo alilongoja. Akatabasamu. Sabato imeingia, akasema, mtu asiguse jembe. Wachimbaji, washirika wake wote, wakatii. Jeneza likarudishwa nyumbani.

Shangazi Kemuma, dada ya baba, alinivuta mkono.

"Mwanangu, kaburi halilali wazi. Likikosa mtu, litamtafuta. Kata mgomba tuulaze humo mpaka azikwe."

"Upagani," akasema Abner.

"Ujinga," nikasema mimi.

Ndiyo mara pekee tuliyowahi kukubaliana.

Waimbaji walitangulia. Abner akabaki nyuma, akaifuata njia ya migombani peke yake. Giza lilikuwa halijakolea nilipotoka kukusanya majembe yasije yakaibwa.

Puh...

Puh...

Mtu alikuwa anafukia udongo. Harufu ya mgomba uliokatwa sasa hivi ikanijia puani. Nikajua ni shangazi, nikaenda nimkaripie.

Hapakuwa na mtu.

Kaburi lilikuwa limejaa, limesawazishwa na kufagiwa. Majembe yalikuwa palepale yalipoachwa. Nikakimbia nyumbani. Shangazi alikuwa ameketi kando ya jeneza, na wanawake wakaapa kwamba hakuinuka.

Abner hakufika kwake. Asubuhi mkewe alikuja akilia tufukue, lakini wachimbaji walikataa, Sabato ni Sabato, yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha. Niliposhika jembe wakaninyang'anya. Jua la Jumamosi lilipozama ndipo tulipochimba.

Ndani mlikuwa na mgomba.

Ulikuwa umevishwa koti la Abner, vifungo vyote vimefungwa.

Shangazi akanishika mkono. Kiganja chake kilinata utomvu.

"Mlikataa wawili," alininong'oneza. "Limechukua mmoja."

Baba tulimzika humo humo Jumapili, bila sala, maana hakuna aliyethubutu kufungua mdomo. Nilishinda. Abner hajaonekana mpaka leo, na mimi bado simwamini Mungu wala mizimu. Ila kila Ijumaa jua likizama nasikia jembe nyuma ya nyumba yangu... na juma hili sauti yake imesogea hadi chini ya dirisha.