Majani ya Mkuyu Yaliyooshwa

Likizo ile Chiriku hakushinda nyumbani. Mama yake alikuwa mpishi wa hospitali na zamu zilimwandama, kwa hiyo kila asubuhi, baada ya chai, binti huyo alifuatana na mama yake mdogo, waliyeishi naye, kwenda kazini. Chiriku halikuwa jina lake la shuleni. Alipachikwa hilo kwa ajili ya mdomo wake. Akianza kuuliza maswali, hata mtu anayeumwa jino angemjibu ili apate kupumzika.

Mama mdogo alikuwa mtafiti katika kituo kidogo kilichopakana na msitu. Nyuma ya ofisi yake palikuwa na chumba chenye unyevu na mwanga hafifu, na humo makopo mapana ya plastiki yalipangwa kwenye rafu. Ndani ya kila kopo yalitandazwa majani makavu yaliyookotwa chini ya miti. Rafu ya juu ilikuwa ya majani ya mkuyu, ya chini majani ya mvule. Kazi ya Chiriku ilikuwa kufunua, kunyunyizia maji na kufunika.

"Majani usiyaguse, mwanangu," mama mdogo alimwambia siku ya kwanza. "Ni maji tu, tena kidogo."

Mwanzoni kazi ilikuwa nyepesi. Kisha majani yakaanza kuota vitu, na Chiriku akachanganyikiwa. Kopo moja lilijaa nyuzi nyeupe kama pamba iliyochambuliwa. La pembeni yake likatoa vitone vya njano. Jingine likawa na nywele nyeusi zilizotambaa kutoka jani hadi jani, na jingine vikombe vidogo vyekundu, kila kimoja kama kichwa cha pini. Maji yalitoka kwenye chupa ileile na mkono ulikuwa uleule. Mbona kila kopo lilishika njia yake?

"Mama mdogo, huu si ukungu?"

"Ni kuvu," mama mdogo alijibu, jicho likiwa kwenye hadubini. "Ukungu ni aina mojawapo. Uyoga nao ni kuvu."

"Kwa hiyo ni uchafu?"

"Nani kakwambia ni uchafu? Hebu ngoja kwanza, nitakueleza."

Lakini hakueleza, maana kazi zilimzonga. Chiriku akabaki na lake kichwani. Nyumbani kwao, mkate ukiota doa moja tu la kijani, mama yake aliutupa wote na kusugua kabati kwa sabuni. Shuleni nako mwalimu wa afya alisema vivyo hivyo. Sasa huku kazini kwa mama mdogo, ukungu ulifugwa kama kuku. Nani alikuwa sahihi?

Asubuhi moja mama mdogo aliitwa kikaoni kabla hajafunua kopo lolote. Chiriku akafunua kopo la mwisho la rafu ya juu, na harufu ikampiga usoni. Majani ya mkuyu yalikuwa yamevaa, kwa usiku mmoja tu, manyoya ya rangi ya waridi, yenye utelezi. Alijua bila kuambiwa kwamba amezidisha maji na kuozesha mali ya watu. Akabeba kopo hadi kwenye sinki, akaosha jani moja moja chini ya bomba, akasugua kwa kidole mpaka yakang'aa. Alipomaliza alijisikia mtu mwenye akili.

Ni pale alipoyarudisha kwenye kopo ndipo alipokumbuka. Hilo ndilo kopo ambalo mama mdogo alilifunua kwanza kila alipofika, kabla hata ya kuvua mkoba begani. Tena majani hakutakiwa kuyagusa hata kidogo.

Nje viatu vya mama mdogo vilisikika kwenye korido. Chiriku akayasukumiza majani yaliyooshwa kwenye pipa la taka. Akachukua majani machache kutoka kopo la mvule lenye vikombe vyekundu, akayatandaza kwenye kopo la mkuyu na kufunika.

Mama mdogo alipitiliza ofisini. Alifunua kopo lile jioni, akalisogeza kwenye mwanga.

"Ajabu," alisema polepole. "Hivi vikombe nimeviona kwenye mvule tu. Huku vimefikaje?" Majani yalikuwa yameshalainika na kuraruka, hata hayakutambulika kwa urahisi kuwa ya mti gani. Alimgeukia Chiriku. "Umeona chochote humu?"

"Mimi nilinyunyizia maji tu."

Alisubiri kukaripiwa, lakini hakukaripiwa. Siku zilizofuata mama mdogo alitembea huku akiongea peke yake. Alikata vipande, akavitazama kwenye hadubini, akakuna kichwa. Kisha mashaka yakageuka furaha. Akamwita mkuu wa kituo, mzee mmoja mrefu aliyeinama kila alipopita mlangoni.

"Sisi tumeshikilia kwamba kuvu hii inachagua mvule," mama mdogo alimweleza. "Kumbe na mkuyu inaula."

"Kama ndivyo, itabidi tubadili mpango wote wa msimu ujao," mkuu alisema. "Kesho tuwaarifu wenzetu."

Njiani kurudi nyumbani mama mdogo aliimba kwa sauti ya chini. Chiriku hakujua aweke wapi uso wake. Alikuwa ameharibu kitu, na badala ya hasira imekuja furaha. Je, bado ni kosa? Na kama atasema sasa, si ndiyo atakuwa anaharibu mara ya pili? Kila alipodhani amepata jibu, lilimponyoka. Mezani alikichezea chakula kwa kijiko.

"Leo Chiriku kanyamaza," mama mdogo alisema. "Unaumwa?"

"Hapana." Akaweka kijiko chini. "Mama mdogo, yale si majani ya mkuyu."

Alisimulia yote, kuanzia harufu hadi pipa la taka. Alipomaliza, mama mdogo aliondoa sahani yake, akaiweka kwenye beseni bila kuiosha.

"Kesho utakuja nami kwa mkuu," alisema hatimaye. "Utamwambia mwenyewe. Na mimi nitasema langu, maana nilikimbilia kufurahi kabla ya kuhakikisha."

Kesho yake Chiriku alisimama mbele ya mkuu. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasikia una habari."

Alipokwisha kusema, mkuu aliuliza kama aliosha kwa sabuni au kwa maji matupu, na majani yako wapi. Pipa lilikuwa limeshamwagwa. Mkuu alishusha pumzi. "Basi kopo hilo limepotea, na kazi yake itaanza upya. Imeniuma, sitakuficha. Lakini tungejenga kazi ya msimu mzima juu ya uongo, ingeniuma zaidi."

Mchana huohuo mama mdogo na Chiriku waliingia msituni kuokota majani mengine. Chini ya mkuyu mmoja mkubwa mama mdogo alipiga magoti.

"Funua, lakini taratibu."

Majani ya juu yalikuwa makavu na mazima. Ya chini yake yalishikamana, yameshonwa pamoja kwa nyuzi nyeupe. Chini zaidi yalibaki mishipa tu, kama kitambaa cha wavu, na mwisho kabisa hapakuwa na majani tena, ila udongo mweusi uliolainika vidoleni.

"Miti hii inamwaga majani mwaka mzima," mama mdogo alisema. "Mbona hatujazama humo hadi shingoni?"

Chiriku alitazama nyuzi. "Kuvu zinayala?"

"Zinayala, na chakula kinarudi kwenye mizizi. Nyingine huanza na sehemu laini, nyingine huweza zile ngumu. Nyingine haziko radhi na kila mti. Ndiyo maana makopo hayafanani. Mama yako hajakosea kutupa mkate, ule ukungu ukiula utaumwa. Na mimi sijakosea kuzitunza hizi. Hapo ndipo ulipochanganyikiwa, na nilipaswa kukueleza siku uliyouliza."

"Nilidhani nasafisha."

"Najua. Kuosha kulikuwa kutoelewa, na kwa hilo sikulaumu. Ila ulipobadilisha majani ulijua unachofanya. Mtu asiyeelewa anaweza kusaidiwa palepale akisema. Akificha, anatuchanganya sote. Nami nilikuwa naenda kuwachanganya watu nisiowajua kabisa. Siku nyingine ukiharibu, njoo uniambie kopo likiwa bado mkononi."

"Nitakuja, mama mdogo."

Wakajaza mfuko majani ya mkuyu. Chiriku aliokota kila jani kwa ncha za vidole, na kabla ya kulitia mfukoni alimwinulia mama mdogo alione, kisha akauliza kuhusu doa lake. Maswali hayakwisha mpaka wakatoka msituni.